USO NA NENO: RAMLI YA WAKUSANYAJI NA MAANDISHI YA SARAFU ZA DHAHABU

Utangulizi

Miongoni mwa watu wanaokusanya sarafu kuna mchezo mmoja usiochoka. Kila inapotangazwa kwamba serikali fulani itatoa sarafu ya dhahabu ya ukumbusho, wao huanza kukisia kabla mchoro haujaonyeshwa. Je, sarafu hiyo itabeba uso wa nani? Uso huo utaelekea kulia au kushoto? Upande wa pili patakuwa na mnyama, mlima au jengo? Wako wanaokisia kwa mapenzi ya sanaa tu. Wako pia wanaokisia kwa hesabu ya fedha, maana aliyeagiza mapema sarafu ambayo baadaye itatafutwa na wengi hupata faida, na aliyekosea hubaki na dhahabu yenye thamani ya uzito wake na si zaidi. Ramli hii haipigwi kwa mchanga wala kwa nyota. Hupigwa kwa kusoma historia: mwaka gani unakaribia, nani alitangulia, sheria yasemaje, na desturi ya nchi ni ipi.

Makala haya yanakusudia kuichunguza ramli hiyo kama ushahidi wa kihistoria, na hasa kuonyesha upungufu wake mmoja. Wakusanyaji hukisia picha. Ni nadra kukisia maandishi. Lugha ya sarafu wao huichukulia kuwa jambo lililokwisha kuamuliwa. Kwa nchi kama Marekani, ambako neno la sarafu lilifungwa kwa sheria tangu mwanzo, dhana hiyo ina msingi wake. Kwa Afrika ya Mashariki haina. Hapa kwetu tembo, simba na mlima vimedumu kupita tawala tatu, ilhali lugha iliyochongwa kando yao imebadilika karibu kila mamlaka yalipobadilika. Anayetaka kujua sarafu ilikuwa ya nani hana budi kusoma, si kutazama tu.

Desturi ya Uingereza na Tundu la Mwaka 1936

Tuanze na nchi ambayo ramli hii ina kanuni inayojulikana na wote. Tangu enzi ya Charles II, katika karne ya 17, imekuwa desturi ya sarafu za Uingereza kwamba kila mfalme mpya aelekee upande ulio kinyume cha yule aliyemtangulia. Desturi hiyo haikushurutishwa na sheria. Ni mila, na kwa kuwa ni mila ilishikwa kwa nguvu. Mkusanyaji aliyeijua aliweza kukisia nusu ya mchoro hata kabla mfalme mpya hajavikwa taji.

Aliyeivuruga kanuni hii ni Edward VIII. Alirithi ufalme tarehe 20 Januari, 1936. George V, baba yake, alikuwa ameelekea kushoto, kwa hiyo yeye alipaswa kuelekea kulia. Alikataa. Aliona kwamba upande wake wa kushoto, uliokuwa na mstari wa nywele, ndio uliompendeza zaidi, akataka nao uonyeshwe. Mafundi wakachonga alivyotaka. Lakini tarehe 11 Desemba mwaka ule ule alikuwa amekwisha kuacha ufalme kabla sarafu za nchi yake hazijatolewa rasmi. Pauni za dhahabu zenye uso wake na mwaka 1937 zilibaki kuwa vielelezo vichache tu vya majaribio. Mwaka 2020 mojawapo iliuzwa kwa pauni milioni moja za Kiingereza. Aliyemfuata, George VI, alielekea kushoto, kana kwamba Edward alikuwa ameelekea kulia kama ilivyompasa. Mila ikaponywa kwa kujifanya kwamba jeraha halikuwapo.

Kisa hiki kina mlango mmoja unaofunguka upande wetu. Katika mwaka huo wa 1936 sarafu za senti tano na senti kumi zilipigwa chapa kwa jina la Edward VIII kwa ajili ya Afrika ya Mashariki, nazo zikaingia mikononi mwa watu. Ziliwezekana kwa sababu moja rahisi: zilikuwa na tundu katikati, na penye tundu hapana mahali pa uso. Zilichukua taji, jina la mfalme na cheo chake kwa Kilatini, basi. Hivyo mtu wa Mombasa, Kampala au Dar es Salaam aliweza kununua chumvi kwa senti ya mfalme ambaye watu wa London hawakupata senti yake. Wafanyaji wa ramli walikuwa wakibishana juu ya uso. Utawala wenyewe ukadumu katika fedha kwa neno peke yake. Hapana mfano ulio wazi zaidi wa hoja yetu.

Malkia Elizabeth II alipofariki tarehe 8 Septemba, 2022, mchezo ulianza upya. Elizabeth alikuwa ameelekea kulia. Je, Charles III atafuata mila, au atafanya kama baba mkubwa wa mama yake? Atavaa taji au atakuwa kichwa wazi? Jibu lilitolewa tarehe 30 Septemba mwaka huo. Mchongaji Martin Jennings alikuwa amemwelekeza kushoto, bila taji. Waliokisia kwa kufuata mila walishinda. Maandishi, kwa upande wake, yalibaki kuwa Kilatini kilichofupishwa, na wala haikuhitaji ramli kulijua hilo. Pauni hizo za dhahabu si ngeni kwa pwani yetu, kwani kwa vizazi kadhaa wanawake wamezivaa shingoni kama pambo. Kwao dhahabu ilikuwa dhahabu, na uso ulikuwa nakshi. Kilatini kilikuwa cha mwenye kukichonga.

Neno Lililofungwa kwa Sheria: Marekani

Nchini Marekani mambo yalianza kwa njia nyingine. Sheria ya sarafu ya tarehe 2 Aprili, 1792 iliagiza kwamba upande mmoja wa sarafu uwe na mfano wa kuashiria uhuru, pamoja na neno lenyewe la uhuru na mwaka wa kupigwa chapa. Yafaa tuitazame sheria hii kwa makini. Neno lilitajwa, likafungwa. Mfano uliachwa wazi. Haikusemwa Uhuru awe na uso gani, nywele gani, mavazi gani wala rangi gani. Ndiyo maana wakusanyaji wa Marekani wamekuwa na kazi ya kukisia picha kwa zaidi ya karne mbili: sheria yenyewe iliwaachia nafasi hiyo.

Hata hivyo, maneno yalipoguswa, ndipo ilipojulikana nguvu yao. Mwanzoni mwa karne ya 20 Rais Theodore Roosevelt alimwomba mchongaji Augustus Saint-Gaudens atengeneze sarafu za dhahabu zilizo bora kuliko zile za siku zake. Sarafu ya dola 20 ya mwaka 1907 ilimwonyesha Uhuru akitembea kuja mbele, mwenge mkononi, na mpaka leo wengi huihesabu kuwa sarafu nzuri kuliko zote za nchi hiyo. Lakini haikuwa na yale maneno ya kumtumainia Mungu yaliyozoeleka katika fedha za Marekani. Roosevelt aliona kwamba kuliandika jina la Mungu juu ya fedha, ambayo huchezewa kamari na kutumiwa kwa kila uovu, ni kukosa heshima. Wananchi wengi walikasirika. Mwaka 1908 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuyarudisha maneno hayo. Picha mpya kabisa iliweza kuingia kwa kibali cha rais. Maneno manne yalipoondolewa, ilibidi itungwe sheria.

Miaka 225 baada ya sheria ya kwanza, yaani mwaka 2017, Marekani ilitoa sarafu ya dhahabu ya dola 100, yenye uzito wa wakia moja, kuadhimisha mwaka huo. Ilipoonyeshwa mjini Washington tarehe 12 Januari, Uhuru alikuwa mwanamke mwenye asili ya Kiafrika, amevaa taji la nyota. Mchoro ulikuwa wa Justin Kunz na uchongaji ulikuwa wa Phebe Hemphill. Wako waliofurahi, wako walionung'unika, na wako waliokumbusha kwamba watafiti wengi wanamtaja Hettie Anderson, mwanamke mwenye asili ya Kiafrika, kuwa miongoni mwa waliomkalia Saint-Gaudens kama kielelezo cha ile sarafu ya 1907. Kwa vyovyote, uso ulikuwa umebadilika. Neno lilikuwa lile lile la 1792. Mkusanyaji wa Marekani, basi, ana haki ya kukisia picha tu, kwa kuwa neno halina shaka. Kosa ni kuibeba desturi hiyo hadi mahali ambapo neno ndilo lenye shaka.

Kutoka Kilwa hadi Tabora

Katika pwani yetu sarafu zilianza kwa neno, bila picha. Masultani wa Kilwa walipiga chapa sarafu nyingi za shaba, ambazo zilichunguzwa na John Walker katika miaka ya 1930 na baadaye na G. S. P. Freeman-Grenville. Sarafu hizo zina jambo ambalo mwanafunzi wa ushairi hawezi kulipita. Upande mmoja una jina la sultani. Upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mungu. Na pande hizo mbili hukutana kwa kina. Jina la baba yake sultani likimalizika kwa sauti fulani, sifa ya Mola nayo huchaguliwa ili imalizike kwa sauti hiyo hiyo. Kwa hiyo mwenye sarafu iliyosagika upande mmoja aweza, kwa kusikiliza kina kilichosalia, kukisia kilichofutika upande wa pili. Hii nayo ni ramli, lakini ni ramli ya neno.

Kwa muda mrefu haikujulikana kama Kilwa, iliyotajirika kwa biashara ya dhahabu ya Sofala, ilipata kupiga chapa dhahabu yenyewe. Mwaka 1991 Helen Brown alitangaza sarafu tatu za dhahabu za al-Hasan bin Sulaiman, sultani yule ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331 na kumsifu kwa ukarimu wake. Jambo lililokuwa likibahatishwa likapata ushahidi. Lakini dhahabu nyingi ya Kilwa haikubaki pwani. Sehemu ya kodi aliyotozwa sultani wa Kilwa na Vasco da Gama mwaka 1502 iliyeyushwa, ikafanywa chombo cha ibada kilichomalizika mwaka 1506 na ambacho kimehifadhiwa Lisbon. Dhahabu ni ile ile; maandishi yaliyochongwa juu yake ni ya mfalme wa Ureno.

Lugha ya sarafu za Kilwa ilikuwa Kiarabu, ijapokuwa watu wa mji waliongea lugha yao. Hali hiyo iliendelea Unguja. Mwaka 1299 wa Hijra, ambao ni sawa na 1881 na 1882, Seyyid Barghash alitoa pesa za shaba, riali za fedha, na pia sarafu za dhahabu za riali mbili na nusu na riali tano. Pesa ya shaba ilichukua picha ya mizani, alama ambayo kila mfanyabiashara aliifahamu bila kufundishwa. Maandishi yalikuwa ya Kiarabu. Wakati huo Kiswahili kilikuwa kikifika Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika pamoja na misafara. Kilinunua na kuuza, kilitoza na kudai, lakini hakikuchongwa juu ya riali.

Waliofuata nao walibadilisha lugha wasibadilishe mazoea hayo. Kampuni ya Wajerumani ilitoa pesa za shaba kuanzia mwaka 1890, zenye Kiarabu upande mmoja, maana ilijua kwamba watu wa pwani hawangeipokea kwa urahisi sarafu isiyosomeka kwao. Rupia ya kampuni ilimtaja Kaisari kwa Kilatini. Utawala wa serikali ulipokaa imara, Kiarabu kikaondolewa, Kijerumani kikatawala.

Kilele cha jambo hili ni sarafu ya dhahabu ya Tabora. Mwaka 1916, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Wajerumani walikuwa wamezuiwa na meli za Uingereza wasipate fedha kutoka kwao. Katika karakana ya reli mjini Tabora walipiga chapa sarafu za rupia 15 kwa dhahabu iliyotoka machimbo ya Sekenke. Zilitengenezwa 16,198. Upande mmoja una tai wa Kijerumani. Upande wa pili una tembo aliyeinua mkonga, na nyuma yake mlima. Chini yake ni herufi T, yaani Tabora. Tarehe 19 Septemba mwaka huo mji ukaingia mikononi mwa majeshi ya Wabelgiji. Wakusanyaji wa dunia nzima humpenda tembo huyo, na wamemwandikia mengi. Mimi napenda kuuliza juu ya maandishi. Serikali iliyotengeneza sarafu hiyo ilitawala kwa Kiswahili: maakida waliandikiwa Kiswahili, shule za serikali zilifundisha kwa Kiswahili, na gazeti la Kiongozi lilichapishwa Tanga kwa Kiswahili. Mafundi wake waliamrishwa kwa Kiswahili, huenda hata siku ile dhahabu ilipokuwa ikiyeyushwa. Lakini sarafu ilisema Kijerumani peke yake. Tembo alikuwa wa Afrika. Neno lilikuwa la Berlin.

Waingereza walipoleta shilingi ya Afrika ya Mashariki mwaka 1921, mnyama alikuwa simba, na nyuma yake milima. Senti zenye tundu zilizungukwa na pembe za ndovu. Maneno yalikuwa Kilatini kwa mfalme na Kiingereza kwa thamani. Msomaji ataona mpango mzima: katika kila zamu mnyama na mlima husalia, na lugha huhama.

Shilingi Zilizotengana

Mwaka 1966 Kenya, Uganda na Tanzania zilianza kutumia kila moja fedha yake. Watu wengi walitazama nyuso. Tanzania ilikuwa na uso wa Mwalimu Nyerere, na Kenya ulikuwa wa Mzee Kenyatta. Lakini aliyesoma aliona tofauti iliyo kubwa kuliko nyuso. Sarafu ya Tanzania ilijitaja kuwa shilingi moja, senti hamsini, senti ishirini, senti tano. Juu ya mkono ulioshika mwenge, juu ya sungura, mbuni na samaki, maandishi yalikuwa Kiswahili kitupu. Kwa mara ya kwanza lugha iliyokuwa ikihesabu fedha sokoni ikawa lugha inayohesabu juu ya fedha yenyewe. Na kando ya uso wa Mwalimu palikuwa na maneno matatu, Rais wa Kwanza.

Maneno hayo yastahili kutafakariwa. Kumwita mtu wa kwanza wakati angali madarakani ni kukiri kwamba atakuja wa pili. Picha haiwezi kusema hivyo. Uso katika sarafu huonekana kana kwamba utadumu milele. Kivumishi kimoja cha Kiswahili kiliweka ukomo ambao nakshi haikuuweka. Mwaka 1974 Tanzania ilipotoa sarafu yake ya dhahabu ya kuhimiza uhifadhi wa wanyama, yenye picha ya duma na thamani ya 1,500, hesabu iliandikwa kwa shilingi, kwa tahajia ya Kiswahili, ijapokuwa wanunuzi wengi wa sarafu ya namna hiyo walikuwa nchi za mbali.

Kenya ilifuata njia nyingine. Noti zake za kwanza za mwaka 1966 ziliandikwa Kiswahili pamoja na Kiingereza, na jina la Banki Kuu ya Kenya lilisomeka wazi. Sarafu za mwaka huo huo zilisema Kiingereza. Neno la Kiswahili lililokuwamo lilikuwa Harambee, nalo liliingia kwa kuwa lilikuwa sehemu ya ngao ya taifa. Lilikuja na picha. Mwaka 1969 sarafu zilipoongezwa maandishi upande wa uso, zilimtaja rais wa kwanza kwa Kiingereza, lakini ndani ya sentensi hiyo ya kigeni likakaa neno Mzee. Hakuna tafsiri iliyolitosha. Cheo cha urais kiliweza kusemwa kwa lugha yoyote. Heshima ya mtu ilibidi isemwe kwa Kiswahili.

Dhahabu ya Kenya nayo yahusu neno hilo. Mwaka 1966 zilitolewa sarafu tatu za dhahabu, za shilingi 100, 250 na 500, kuadhimisha miaka 75 ya Rais Kenyatta. Michoro yake ni usinga ulioshikwa mkononi, jogoo mwenye shoka, na Mlima Kenya. Mkusanyaji angeweza kuikisia yote mitatu, maana yalikuwa mambo yaliyojulikana na kila mtu. Kilichokuwa kigumu kukisia ni hesabu ya miaka. Siku aliyozaliwa Kenyatta haikuandikwa popote, na wanahistoria wamependekeza miaka mbalimbali ya muongo wa 1890. Hivyo sarafu iliadhimisha tarehe ambayo historia haikuwa nayo. Si uwongo, ni ukweli wa namna nyingine. Uzee wa Mzee haukuwa hesabu ya vyeti, ulikuwa daraja katika jamii. Dhahabu ilijaribu kuugeuza kuwa tarakimu. Neno lilikuwa limekwisha kuusema vizuri zaidi.

Uganda, kwa upande wake, ilitoa sarafu za dhahabu mwaka 1969 kwa ajili ya ziara ya Papa Paulo VI, wa kwanza wa cheo hicho kufika Afrika ya kusini mwa Sahara. Hapo tukio lenyewe liliamua picha, na ramli haikuwa na kazi.

Kutoka Uso hadi Mnyama

Nyuso ziliendelea kubadilika Kenya. Sarafu za kuanzia mwaka 1980 zilikuwa na Rais Moi. Mwaka 2003 sarafu ya shilingi 40 ilitolewa kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, ikiwa na Rais Kibaki. Sarafu zilizoandikwa mwaka 2005 zikamrudia Kenyatta. Katika kipindi chote hicho swali la sarafu lilikuwa swali la siasa: nani yumo, nani katoka.

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti, 2010 ilililifunga swali hilo. Kifungu cha 231 kinasema kwamba noti na sarafu zaweza kuwa na picha zinazoiwakilisha Kenya au jambo fulani la Kenya, ila zisiwe na sura ya mtu yeyote. Sheria ya Marekani ya 1792 ilifunga neno ikaacha picha wazi. Katiba ya Kenya ilifunga sehemu ya picha ikaliacha neno. Kwa wakusanyaji hii ilikuwa neema. Kwa miaka minane, nyuso zikiwa zimekatazwa lakini sarafu mpya hazijatoka, walikuwa na uwanja mpana wa kukisia. Jibu lilikuja tarehe 11 Desemba, 2018: twiga kwa shilingi moja, kifaru kwa tano, simba kwa kumi, tembo kwa ishirini. Tembo wa Tabora na simba wa Bodi ya London walikuwa wamerudi, safari hii nyumbani mwao.

Ubishi haukuisha. Noti mpya za mwaka 2019 zilikuwa na picha ya jumba la mikutano la Nairobi, na mbele ya jumba hilo pana sanamu ya Kenyatta. Mashtaka yakapelekwa mahakamani kwamba sanamu hiyo ni sura ya mtu. Mahakama Kuu haikulikubali dai hilo. Sisi wanaisimu tuna la kujifunza hapo. Mabishano yaliyoanza kama mabishano ya picha yaliishia kuwa mabishano ya maana ya neno: je, picha ya sanamu ya mtu ni sura ya mtu? Mwishowe hata uso hutegemea kamusi.

Hitimisho

Tumeona kwamba ramli ya wakusanyaji si upuuzi. Ina kanuni zake, na kanuni hizo ni historia iliyofupishwa. Lakini imezoea kutazama upande mmoja wa jambo. Nchini Afrika ya Kusini, Krugerrand ya dhahabu iliyoanza kutolewa mwaka 1967 iliandikwa Kiafrikana na Kiingereza tu, huku lugha za walio wengi zikiwa kimya. Tangu miaka ya 1990 sarafu za matumizi ya kila siku nchini humo zimelitaja jina la nchi kwa zamu, katika lugha rasmi mbalimbali, Kizulu, Kixhosa, Kivenda, Kitsonga, Kisotho na nyinginezo. Mkusanyaji wa huko ana sababu ya kujiuliza kila mwaka si picha tu, bali lugha. Ramli yake ni kamili kuliko ya wengine.

Mwezi wa Desemba mwaka 2033 Kenya itatimiza miaka 70 ya uhuru. Ikiwa itatolewa sarafu ya dhahabu ya ukumbusho, wakusanyaji wataanza kukisia mapema, na kwa kuwa Katiba imekataza nyuso, watataja simba, tembo, mlima, ngao, pengine mti wa mugumo. Wote huenda wakawa wamepata. Swali letu katika idara za lugha ni jingine. Kifungu cha 7 cha Katiba hiyo hiyo kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Je, maandishi ya sarafu hiyo yatakuwa Kiswahili kilichotungwa, au tafsiri iliyobanwa pembeni baada ya mchoraji kumaliza kazi yake?

Maandishi ya sarafu ni fupi kuliko maandishi yote ya serikali, nayo husomwa na watu wengi kuliko sheria yoyote. Hayana nafasi ya neno la ziada. Kazi hiyo ni ya mtu aliyezoea kupima silabi na kuokoa pumzi, na watu wa namna hiyo hatuna uhaba nao Mombasa, Lamu na Pate. Masultani wa Kilwa walilijua hilo zaidi ya miaka 600 iliyopita, ingawa walilifanya kwa Kiarabu: waliweka kina juu ya shaba, na kwa kina hicho twaweza hata leo kusikia kilichosagika. Itakapoundwa kamati ya kuchagua mchoro wa sarafu ijayo, yafaa mshairi akae meza moja na mchongaji, na aitwe mwanzoni, wakati ambapo uso wa dhahabu ungali mtupu.